Nyumba za Kupanga za Gharama Nafuu: Zilipo, Wanaostahili na Namna ya Kuomba

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa mara kwa mara katika ofisi za kata na katika mikutano ya hadhara ya vitongoji, limo swali la nyumba ya kupanga. Mwalimu aliyehamishiwa kituo kipya analiuliza. Mama muuza mboga sokoni analiuliza. Kijana aliyehitimu chuo cha ufundi na kupata kazi katika karakana naye analiuliza: Je, Serikali haina nyumba ambayo mtu wa kipato cha chini anaweza kupanga bila kudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo?

Jibu ni kwamba nyumba za namna hiyo zipo, ila ni chache, zinamilikiwa na taasisi mbalimbali, na kila taasisi ina walengwa wake. Mwananchi asiyezijua tofauti hizo huzunguka kutoka ofisi hadi ofisi, hutumia nauli na siku za kazi, na wakati mwingine huangukia mikononi mwa matapeli. Kitengo cha Mawasiliano Serikalini kimeandaa makala haya ili kila mkazi wa kata ajue aanzie wapi, abebe nini na atarajie nini.

Kwa nini nyumba hizo ni chache

Shirika la Nyumba la Taifa, linalojulikana zaidi kwa kifupi chake cha NHC, lilianzishwa mwaka 1962, muda mfupi baada ya Uhuru. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyokuwa mikononi mwa watu binafsi na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na za Shirika, na hiyo ndiyo sababu hadi leo nyumba nyingi za Shirika zipo katika miji mikubwa na ya zamani. Miji midogo, ambayo mingi ilikua baadaye, haikurithi hazina hiyo.

Jambo la pili ni sheria. Kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, na ile ya mwisho ilitungwa mwaka 1984. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ya nyumba ya mtu binafsi hupangwa kwa makubaliano kati ya mwenye nyumba na mpangaji. Halmashauri haina mamlaka ya kumwagiza mwenye nyumba wa mtaani ashushe kodi yake. Inachoweza kufanya ni kusimamia nyumba zake yenyewe, kupima viwanja ili nyumba zaidi zijengwe, na kuwaeleza wananchi haki zao.

Jambo la tatu ni ongezeko la watu. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na kwa miaka kadhaa viongozi wa Serikali wamekuwa wakitaja makadirio ya upungufu wa nyumba zaidi ya milioni 3 nchini. Mji mdogo uliopata stendi mpya, barabara ya lami au hospitali ya wilaya huvuta watu haraka kuliko nyumba zinavyoweza kujengwa.

Milango ya kubisha

Mkazi anayetafuta nyumba ya nafuu ana milango minne ya kubisha. Ni vyema kwanza ajue ni upi unaomhusu.

Mlango wa kwanza ni Halmashauri yenyewe. Halmashauri za wilaya humiliki nyumba zilizojengwa kwa ajili ya watumishi wake, na baadhi humiliki pia majengo yanayoweza kupangishwa kwa wananchi wengine. Kipaumbele katika nyumba za watumishi huwa kwa wale ambao kazi yao inawalazimu kuishi karibu na kituo: mganga, muuguzi, mkunga, mwalimu wa shule iliyo mbali na makazi. Nyumba zilizo ndani ya maeneo ya shule na zahanati hufuata kazi. Mtumishi anapohamishwa, nyumba hubaki na kituo. Kwa hiyo mwananchi asiye mtumishi asitumie muda wake kuomba nyumba ya mganga iliyo wazi. Huenda imeachwa wazi ikimsubiri mganga.

Mlango wa pili ni Shirika la Nyumba la Taifa. Huu uko wazi kwa raia yeyote, awe mtumishi au mfanyabiashara ndogondogo. Maombi hupelekwa katika ofisi ya Shirika ya mkoa. Ni vizuri kuelewa kwamba Shirika hujiendesha kibiashara, hivyo si kila nyumba yake ni ya bei ya chini. Baadhi hupangishwa kwa bei ya soko. Mwombaji aulize kodi ya nyumba mahususi kabla ya kujaza fomu, na aulize pia masharti ya amana.

Mlango wa tatu unawahusu zaidi watumishi wa umma. Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, ulioanzishwa mwaka 2002, hupangisha nyumba za Serikali kwa watumishi kwa kodi ambayo kwa kawaida ni ya chini kuliko ya soko. Mtumishi aliye katika wilaya yetu afike kwa Afisa Utumishi kwanza, apate barua ya kumtambulisha, kisha awasiliane na ofisi ya Wakala ya mkoa. Yupo pia Watumishi Housing, taasisi ya Serikali inayojenga nyumba kwa ajili ya watumishi.

Mlango wa nne ni wa wasiojiweza. Mzee asiye na ndugu wa kumtunza, mtu mwenye ulemavu aliyepoteza makazi, au mama aliyekimbia ukatili pamoja na watoto wake, asianzie kwenye fomu ya upangaji. Aanzie kwa Afisa Ustawi wa Jamii, moja kwa moja au kupitia kwa Mtendaji wa Kata. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zinatambua wajibu wa jamii na Serikali kwa makundi haya. Afisa Ustawi hufanya tathmini ya hali ya mhusika, huzungumza na familia pale inapopatikana, na hueleza msaada uliopo.

Piga hesabu kabla ya kuomba

Nyumba yenye kodi ndogo inaweza kumgharimu mpangaji zaidi kuliko alivyodhani. Tuchukue mfano wa hesabu.

Nyumba ya kwanza ni chumba na sebule karibu na stendi, mali ya mtu binafsi. Kodi ni shilingi 50,000 kwa mwezi, na mwenyewe anataka miezi sita kwa mkupuo. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Ili kuingia, mpangaji anahitaji shilingi 350,000 mkononi. Kwa mwaka mzima atakuwa ametumia shilingi 650,000.

Nyumba ya pili ni ya taasisi ya umma. Kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, hulipwa mwezi kwa mwezi, na hakuna dalali. Kwa mwaka ni shilingi 720,000. Imezidi ya kwanza kwa shilingi 70,000, lakini mpangaji ameingia kwa shilingi 60,000 tu badala ya 350,000. Kwa familia isiyo na akiba, na ambayo ingelazimika kukopa kwa riba ili itimize miezi sita, nafuu iko hapa.

Hata hivyo, ikiwa nyumba hiyo ya pili iko mbali na mpangaji hutumia bodaboda ya shilingi 1,000 kwenda na shilingi 1,000 kurudi kwa siku 26 za kazi, nauli pekee ni shilingi 52,000 kwa mwezi. Gharama ya makazi na usafiri kwa mwaka inafika shilingi 1,344,000. Nafuu yote imeliwa na barabara. Mwenye baiskeli, au anayefanya kazi karibu, hesabu yake ni tofauti. Kila mwombaji apige hesabu yake mwenyewe, aongeze maji, umeme na nauli, kisha aangalie kama kodi haizidi theluthi moja ya kipato cha kaya. Ikizidi hapo, malimbikizo huanza mapema.

Nyaraka za kuandaa

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maombi mengi hukwama kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana. Kabla ya kufika ofisini, mwombaji aandae yafuatayo:

Kwanza, Namba ya Utambulisho wa Taifa kutoka NIDA, au kitambulisho chenyewe na nakala yake.

Pili, barua ya utambulisho kutoka kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, ikiwa imepitishwa na Mtendaji wa Kijiji au wa Kata. Barua itaje anapoishi mwombaji sasa na idadi ya watu wa kaya yake.

Tatu, uthibitisho wa kipato. Mtumishi alete hati ya mshahara. Asiye na ajira rasmi alete kitambulisho cha mjasiriamali, leseni ya biashara au taarifa ya miamala ya benki au ya simu. Anayelima aeleze kipato cha msimu katika barua yake, maana kipato kinachokuja mara moja au mbili kwa mwaka huhitaji mpango tofauti wa malipo.

Nne, picha ndogo za mwombaji, na za mwenza wake ikiwa wanaomba pamoja.

Tano, jina, anwani na namba ya simu ya mdhamini aliyekubali mwenyewe kudhamini. Kumwandika mtu bila ridhaa yake huharibu maombi.

Hatua za maombi

Kwa nyumba za Halmashauri, utaratibu huanza na tangazo. Soma mbao za matangazo za ofisi ya kata na za makao makuu ya Halmashauri, na uulize kwa Mtendaji wa Kata pale usipoona tangazo. Barua ya maombi huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji na kupitishwa kwa Mtendaji wa Kata. Iwe fupi: wewe ni nani, unaishi wapi sasa, kaya yako ina watu wangapi, unaomba nyumba ipi, na kwa nini.

Usiondoke ofisini bila nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Nakala hiyo ndiyo ushahidi wako iwapo utahitaji kufuatilia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vivyo hivyo maombi.

Baada ya kupokelewa, maombi huchambuliwa kwa kuangalia sifa, uhitaji na uwezo wa kulipa. Mwombaji aliyekosa ana haki ya kuuliza sababu na kupewa jibu la maandishi. Asikate tamaa kwa kukosa mara moja, kwa kuwa nyumba huachwa wazi wapangaji wanapohama, wanapostaafu au wanapojenga kwao. Anayebadilisha namba ya simu akiwa bado kwenye orodha aitaarifu ofisi. Si jambo la kufurahisha mtu kukosa nyumba kwa sababu tu simu yake haikupatikana.

Malipo na maana yake

Malipo ya kodi katika taasisi za umma hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi wetu huiita kontroo namba. Hulipwa benki, kwa wakala au kwa simu. Hakuna mtumishi anayeruhusiwa kupokea kodi kwa fedha taslimu mkononi au kwa namba yake binafsi ya simu. Hifadhi ujumbe wa malipo na uchapishe stakabadhi inapowezekana.

Mpangaji pia aelewe fedha yake inakwenda wapi. Kodi ya nyumba za Halmashauri ni sehemu ya mapato ya ndani. Mapato hayo ndiyo yanayokarabati paa la nyumba hiyohiyo, na asilimia 10 ya mapato ya ndani yasiyo na matumizi maalumu ndiyo inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nyumba inapopangishwa chini ya bei ya soko, tofauti hiyo hubebwa na wakazi wote wa wilaya. Mpangaji asiyelipa huwa amechukua nafuu mara mbili, na huwa amemfungia mlango jirani anayesubiri kwenye orodha. Atakayepata msiba, ugonjwa au kupoteza kazi aandike barua mapema kuomba mpango wa kulipa kwa awamu. Ofisi huweza kuzungumza na mtu aliyejitokeza kabla ya deni kukua. Aliyejificha hufuatwa na notisi.

Mkataba

Mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini, na asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini. Angalia kiasi cha kodi na tarehe ya kulipa, muda wa mkataba, muda wa notisi kwa pande zote mbili, nani anakarabati nini, na amana itarudishwaje. Kagua nyumba pamoja na ofisa anayekukabidhi na mwandike hali ya milango, madirisha, choo, mabomba na mita. Orodha hiyo itakulinda siku ya kuondoka usije ukadaiwa kioo kilichovunjika kabla hujaingia.

Nyumba ya umma haipangishwi tena kwa mtu mwingine. Anayepewa nyumba kwa bei ya nafuu kisha akampangisha mwingine kwa bei ya soko huvunja mkataba, na yule aliyempangisha hana haki yoyote mbele ya mwenye nyumba. Kwa hiyo anayeelezwa na mpangaji kwamba anaweza kumwachia nyumba ya taasisi akae pembeni.

Lipo jambo jingine ambalo familia nyingi hulisahau. Mkataba ukiwa na jina la mtu mmoja, na mtu huyo akafariki, mjane au mgane pamoja na watoto huweza kujikuta wakiishi katika nyumba ambayo hawana mkataba nayo. Muulize ofisa kabla ya kusaini kama jina la mwenza linaweza kuingizwa. Na msiba ukitokea, familia iitaarifu ofisi mapema na kuomba mkataba mpya badala ya kukaa kimya.

Kwa wapangaji wa nyumba za watu binafsi

Wengi wetu tutaendelea kupanga mitaani, na huko pia kuna nafuu ya kutafuta. Mwombe mwenye nyumba kulipa miezi mitatu mitatu badala ya sita. Mpangaji anayekuja na barua ya utambulisho na mdhamini husikilizwa kuliko anayekuja mikono mitupu. Dai mkataba wa maandishi na stakabadhi hata kama mwenye nyumba ni jamaa yako.

Kumbukeni pia kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, na tangu Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida ni shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani shilingi 1,500 kwa mwezi. Mlipaji wake kwa mujibu wa sheria ni mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme huwa anamlipia, hivyo wakubaliane mwanzoni kiasi hicho kitapunguzwaje kwenye kodi ya pango, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye mkataba.

Mgogoro ukitokea

Mgogoro wa pango uanze kwa mazungumzo, kisha Mwenyekiti wa Kitongoji. Ukishindikana, mgogoro unaohusu haki ya kukaa katika nyumba hupelekwa Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi ya Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha. Halitoi tena hukumu. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili amtafute msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yake hailipiwi.

Mwenye nyumba asijichukulie sheria mkononi kwa kung'oa milango au kutupa vyombo vya watu nje. Mpangaji naye asikae bila kulipa kwa kisingizio kwamba kesi haijaisha.

Jihadharini na matapeli

Utapeli katika eneo hili hufuata njia ileile kila mara. Mtu hujitambulisha kuwa anafahamiana na ofisa, huonyesha fomu yenye nembo, hudai ada ya kuharakisha, kisha simu yake huzimwa. Mwenye mashaka aipeleke fomu hiyo kwa Mtendaji wa Kata kabla ya kulipa hata shilingi moja. Na iwapo ni mtumishi wa umma ndiye anayeomba chochote ili jina lako lipande kwenye orodha, hiyo ni rushwa. Toa taarifa TAKUKURU kwa kupiga namba 113, ambayo ni bure.

Mkazi mwenye swali ambalo makala haya hayakulijibu afike ofisi ya kata siku za kazi na kuuliza. Na aliyekwisha kujua amweleze jirani yake, hasa yule asiyepata nakala ya jarida hili au asiyeweza kulisoma.